Mifupa ya Wifi Kinue

Shinjo, 11 Februari

Wifi yangu Fusae,

Theluji ya mwaka huu imefika madirishani, na majirani wanasema bado haijamaliza hasira zake. Natumai huko Kawasaki baridi inakushika kwa adabu na magoti yako yametulia. Huku sote tu wazima, yaani mimi na paka. Mwanangu Yasunori na mkewe Mihoko walikuja kutoka Sendai mwaka mpya, wakala, wakalala, wakaondoka na nusu ya mchele wangu. Picha ya kaka yako naipangusa vumbi na kumwekea chai yake kila asubuhi, kama kawaida.

Kuna jambo dogo tu. Mwishoni mwa mwezi uliopita niliteleza uani nikaumia mgongo. Daktari amenipiga picha, akasema pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea na mifupa mingine ni myepesi kuliko inavyopasa hata kwa mwanamke wa umri wangu. Umri wenyewe aliutaja kwa sauti, mbele ya nesi. Amenipa kapsuli ya kumeza kila siku baada ya chakula cha jioni. Ni vitamini D, ila si ile ya kawaida ambayo lazima ingoje ini na figo ziipike kwanza. Hii imekwisha kuiva. Ukiimeza inaingia kazini moja kwa moja, inavuta kalsiamu kutoka kwenye chakula na kuitia kwenye damu. Kwa sababu hiyo, anasema, nisiongeze kitu kingine chochote bila kumwuliza, na mwezi wa nne nirudi kupimwa damu. Ana maneno mengi daktari huyu. Ni kijana bado, hajafika hamsini.

Yasunori sijamwambia. Tangu kaka yako atutoke, anatafuta sababu ya kunipeleka kwenye makao ya wazee karibu na kwake, na mgongo uliovunjika ni sababu nzuri mno. Mimi nataka kufia katika nyumba hii, Fusae. Wewe uliyezaliwa humu unanielewa. Kwa hiyo funga mdomo.

Wako,
Kinue


Kawasaki, 19 Februari

Wifi yangu Kinue,

Maua ya miplamu yamechanua hapa kwetu. Usinisahihishe, nimeyaona kwa macho yangu pale nyuma ya stesheni. Najua miaka yote hii barua zangu unazisoma na kalamu nyekundu mkononi, na mwaka ule nilipotaja vyura mwezi wa tatu uliniandikia kurasa mbili kunifundisha vyura wanaanza kulia lini. Mimi mzima. Magoti yanalia, lakini kwa zamu.

Uliteleza uani? Wewe ambaye hata soksi zako zina nidhamu? Haya, nimekubali, uliteleza uani.

Nimehuzunika, wifi. Halafu nikaona ni majaaliwa, kwa sababu wiki hiyohiyo televisheni ya asubuhi ilikuwa inazungumzia mifupa. Kulikuwa na profesa mwenye tai ya kipepeo, na mwigizaji wa miaka themanini aliyesimama kwa mguu mmoja huku akicheka. Siri yake kalsiamu. Kesho yake dagaa wakavu wakaisha madukani mtaa mzima. Nilimkuta mwanamke wa rika langu kashika pakiti ya mwisho, ananiambia kwa heshima zote, tafadhali ichukue wewe, na huku haiachii. Nami nikamwambia hapana, ichukue wewe, na mimi siiachii. Tukasimama pale mpaka muuza duka akaja kutuinamia na kutuomba radhi kwamba wamekwisha.

Kwa hiyo nakutumia pole ya ugonjwa: vidonge vya kalsiamu vya kombe za chaza, ndani yake na vitamini D. Hii si dawa, usije ukaogopa. Ni chakula. Kwenye boksi wameandika chakula, na boksi lenyewe lina utepe wa dhahabu, hawawezi kudanganya juu ya boksi zuri namna ile. Meza vyote. Nitauliza.

Mdogo wako kwa ndoa,
Fusae


Shinjo, 10 Machi

Wifi yangu Fusae,

Juani theluji inadondoka kutoka kwenye paa, kivulini bado ni jiwe. Ndio majira yetu ya kuvaa koti asubuhi na kulibeba mkononi mchana. Nashukuru hujambo, na magoti yako nayapa pole kila moja kwa zamu yake.

Kifurushi kimefika. Utepe nimeukunja nimeuweka. Nimeshikwa na aibu kwa zawadi kubwa kiasi hiki, nami bila shukrani yoyote ya maana nakutumia achari ya figili ya huku kwetu. Ni kitu duni, uile tu kwa kunionea huruma.

Vidonge nameza kama boksi linavyoelekeza, vitatu asubuhi na vitatu jioni. Ni vikubwa, na vinanuka kama gati maji yakipwa. Lakini mtu aliyekukumbuka ukiwa kitandani huwezi kumrudishia boksi likiwa limejaa. Kule duka la dawa, mfamasia aliniuliza kama kuna kitu kingine natumia mbali na kapsuli. Nikasema hakuna. Sikusema uongo, maana wewe mwenyewe umeniambia ni chakula, na hakuniuliza kama nakula. Isitoshe ningemwambia angeweza kunikataza, halafu ningekuandikia nini? Kwamba mtu wa dukani ameidharau zawadi ya wifi yangu? Afadhali kumeza.

Wako,
Kinue


Kawasaki, 2 Aprili

Wifi yangu Kinue,

Maua ya sakura yamepasuka na vijana wamelewa chini ya miti yake, kwa hiyo dunia inakwenda inavyotakiwa. Achari yako nimeila. Ilikuwa na chumvi ya kutosha kijiji, ila mkono wako nimeutambua.

Sasa umeniweka pabaya. Mimi nilitoa pole, wewe ukatoa achari, na achari ya mama wa nyumba yetu siwezi kuipokea nikakaa kimya kama jiwe. Nakutumia boksi la pili la vidonge, na biskuti za maziwa zilizoongezwa kalsiamu. Mwigizaji yule wa mguu mmoja huzila saa kumi kila siku. Zile za rangi ya kijani zina ufuta.

Majirani wangu wananiuliza kwa nini nahangaika na wifi, kaka mwenyewe hayupo tena. Nawaambia hamjui kitu. Wifi yangu alinisimanga siku yangu ya arusi kwa sababu ya mkunjo wa kimono, na mume wangu alipofariki alikuja na treni ya kwanza, akaosha vyombo vya wageni wote bila kuniuliza. Mtu wa namna hiyo hatakiwi kubonyea mgongo.

Umekwenda kupimwa damu? Uliniambia mwezi wa nne.

Fusae


Shinjo, 8 Mei

Wifi yangu Fusae,

Majani mapya yametoka na milima imevaa kijani. Nashukuru kwa biskuti. Nimezila, pamoja na zile za ufuta. Kwa aibu nakutumia mboga za mlimani, chache na zisizo na thamani.

Damu sijapima. Siku niliyopangiwa iliangukia siku ya mtaa kusafisha mitaro ya maji ya mashamba, na unajua mambo ya huku, nyumba isiyotoa mtu mtaroni inasemwa mpaka wajukuu. Nilikwenda na koleo langu. Mgongo uliniuma lakini walioniona wameniona. Kliniki sikupiga simu kuomba siku nyingine, nisiwasumbue.

Sina la kulalamika. Kiu tu. Nakunywa chai na maziwa kutwa, na usiku natembea kwenda chooni kuliko nilivyotembea nikiwa na mtoto mchanga. Na tumbo limefunga. Bi Sugawara wa nyumba ya pili amenipa dawa yake ya kulainisha choo, ile ya magnesiamu, naitumia na yenyewe. Chakula hakina ladha, nikikiona nasikia kichefuchefu, lakini biskuti zako nazila kwa sababu ni zako. Nadhani ni uzee. Uzee una namna yake ya kubisha hodi.

Yasunori alikuja sikukuu za mwanzo wa mwezi. Nilikuwa nimesahau sufuria jikoni likaungua, mara moja tu, na siku ya pili tena. Aliosha sufuria, kisha akaniwekea mezani vitabu vya rangi vya makao ya wazee, bibi mmoja kwenye jalada anacheka na puto. Mama, alisema, utazame tu. Nimevitazama. Nikavitia chini ya mto wa paka.

Kinue


Kawasaki, 16 Mei

Wifi yangu Kinue,

Upepo mzuri wa mwezi wa tano, mashuka yanakauka kabla sijamaliza kuyaanika. Mboga zako zimefika zikiwa kavu kidogo, nikazila kwa heshima.

Bibi na puto! Yasunori nimempakata mimi, sasa anataka kukuuzia puto. Usikubali, wifi. Ukiondoka wewe nyumba ile itakuwa uwanja wa kuegesha magari, na mimi nitakuwa mtu asiye na kwao. Najua sijalala humo tangu mazishi ya kaka. Sikutaka uhangaike kunitandikia. Lakini kila nikisema nyumbani, ndiyo hiyo naisema.

Kwa hiyo tumia akili. Lazima akija tena mwezi ujao akukute umesimama kama nguzo. Kiu ni hewa kavu ya huko. Tumbo ni kwa sababu hutembei. Kusahau sufuria hata mimi nasahau, mwezi uliopita niliacha mwavuli ndani ya friji. Mimi si daktari, lakini televisheni natazama kila asubuhi bila kukosa, na ile ya Jumatano ilisema udhaifu wote wa mzee unaanzia kwenye mifupa. Nimekutumia boksi kubwa, saizi ya familia. Ongeza, meza vinne vinne. Na unga wa maziwa wa kutia kwenye chai, usiniambie hupendi.

Mkabe koo huyo mtoto kwa afya yako.

Fusae


Shinjo, 17 Juni

Wifi yangu Fusae,

Majani ya miti yameanza kuwa mekundu milimani na asubuhi kuna umande wa baridi. Natumai umetoa blanketi lako.

Nashukuru kwa boksi. Nimemeza vinne. Nashukuru kwa boksi kubwa la vidonge, nimeona aibu. Cheri zimeiva, nimekutumia. Yasunori anakuja Jumamosi na karatasi zake. Mwambie kaka yako asitoke bila kofia.

Nashukuru kwa boksi.

Kinue


Kawasaki, 24 Juni

Wifi,

Salamu sitoi leo, na majira sitaji. Ukitaka kunisahihisha, pona kwanza.

Nilipopokea barua yako nilikuwa nimesimama mlangoni na mwavuli unaochuruzika, maana ni msimu wa mvua Japani nzima na hakuna jani jekundu popote mpaka mwezi wa kumi. Niliisoma hapohapo. Kuhusu kaka ningeweza kujidanganya, sisi wajane wote tunazungumza na picha. Lakini wewe kukosea majira? Wewe unaweza kusahau jina lako, majira huwezi. Nikakaa palepale juu ya viatu.

Nilikupigia simu. Uliitikia, ukaniuliza mimi ni nani, kwa heshima sana, kama unavyozungumza na mtu wa gesi. Nikampigia Bi Sugawara. Akaja akakukuta jikoni umevaa koti la theluji, umekaa, hujui umekaa kwa ajili ya nini. Ndiye aliyeita gari la wagonjwa. Haya yote labda umekwisha ambiwa. Yaliyofuata hujaambiwa na mtu, nataka uyasikie kwangu.

Nilipiga simu kliniki kwako nikamwomba daktari mwenyewe, yule kijana wako. Nikamwambia kuna vidonge. Akaniambia nimsomee maandishi ya kwenye boksi, nami nina boksi kama lile hapa kwangu, nikamsomea kalsiamu kiasi gani, vitamini D kiasi gani. Biskuti. Unga wa maziwa. Dawa ya choo ya Bi Sugawara. Alikuwa anaandika, nasikia kalamu. Kisha akauliza, taratibu, bila ukali wowote, na heri angenitukana.

"Ni nani anayempa?"

Nikasema, "Mimi."

Alinieleza ndani ya dakika chache kitu ambacho televisheni haikunieleza miaka yote. Ile kapsuli yako, alisema, ni mlango uliofunguliwa wazi. Kalsiamu ya chakula cha kawaida inapita vizuri, na ndiyo kazi yake. Sisi tumeleta lori zima mlangoni. Damu ikajaa kalsiamu. Figo zikahangaika kuitoa, zikamwaga maji, ndiyo maana ya kiu na choo cha usiku. Tumbo likalala. Wewe ukaongeza maziwa kwa kiu, na magnesiamu kwa tumbo, na figo zilizochoka haziwezi kuitoa nayo. Mwisho ukafika kichwani. Kila nililoliita hewa kavu lilikuwa ni mimi.

Nina jingine, na hili nalisema kwa sababu siwezi kulala nalo. Vidonge vile sikukununulia wewe. Nilijinunulia mimi, baada ya yule mwigizaji. Vilinifunga tumbo wiki ya kwanza tu. Nilitaka kuacha, lakini kampuni inaleta kila mwezi yenyewe, na kila nikipiga simu kukataa, msichana anaomba radhi kwa sauti tamu hivi kwamba nakata simu nimeagiza biskuti. Maboksi yalijaa kabatini. Barua yako ya mwezi wa pili ilipofika nilisikia huruma, kweli, niliisikia. Na nyuma ya huruma nilisikia nafasi kabatini.

Nimekulisha nilichoshindwa kula, nikakifunga utepe. Nikakwambia umeze vyote, kisha nikakwambia uongeze. Nakuomba radhi, Kinue, si kama yule msichana.

Usimeze kitu chochote mpaka daktari akwambie, hata ile kapsuli yenyewe. Yeye ndiye atakayesema nini kinarudi na lini.

Fusae


Shinjo, 15 Julai

Wifi yangu Fusae,

Mvua zinaelekea ukingoni, na usiku kwenye mashamba ya mpunga vyura wanapiga kelele. Huu ndio mwezi wa vyura. Nimechungulia dirishani kwanza kabla ya kuandika.

Nimerudi nyumbani jana. Hospitali walinitundikia dripu za maji siku baada ya siku kuisafisha damu, wakasimamisha kila kitu. Kichwa kilirudi polepole, kama mtu anayewasha taa chumba kimoja kimoja. Chumba cha kwanza kuwaka nilimkuta Yasunori kakaa kando ya kitanda, na karatasi za makao mapajani. Alikuwa amekwisha zijaza zote, umebaki muhuri wangu wa kukubali. Daktari akamwambia, nami nikiwa nasikia, "Mama yako hajapotewa na akili. Amepewa kalsiamu nyingi mno." Mwanangu akainama akalia. Sijamwona analia tangu mazishi. Nilitaka kumwambia kitu cha upole, nikamwambia kola yake imekunjamana.

Figo zimepona, lakini si kabisa. Sehemu ndogo imekwenda na haitarudi, daktari amenieleza bila kuzunguka. Kapsuli amenirudishia wiki hii kwa kipimo kidogo, maana mifupa bado inaihitaji, nayo kuiacha kwa hasira ni ujinga mwingine. Lakini napimwa damu na mkojo kila mwezi kwanza, mitaro iwepo isiwepo. Vidonge vya kalsiamu hapana. Tofu na samaki wangu wa kila siku wanatosha. Kiu ikija, au kichefuchefu, au tumbo likifunga, nipige simu siku hiyohiyo, nisiiite uzee. Na akiniuliza natumia nini, nitaje mpaka majani ya chai. Nilimwambia niliogopa kuidharau zawadi. Akasema mficha uchi hazai. Nikamwambia nina miaka sabini na sita, sina mpango. Akacheka mpaka nesi akaja kuangalia. Huenda si kijana mbaya.

Sasa wewe. Nilisoma barua yako mara tatu. Ya kwanza nilikukasirikia hadi mashine yao ikalia. Nimemeza mabaki ya kabati lako kwa unyenyekevu, nikiyaomba radhi mimi! Ya pili nikakumbuka achari. Ilikuwa ya Bi Sugawara. Kila mwaka ananipa mtungi, na kila mwaka haiingii mdomoni kwa chumvi. Mboga za mlimani zilikuwa za siku nne. Cheri zilipasuliwa na mvua, shamba linazigawa bure. Na uani sikuteleza. Nilianguka kutoka kwenye paa nikifagia theluji, kwa sababu sikutaka kumwomba mtu. Mara ya tatu nilicheka peke yangu hospitalini, kisha nikalia kidogo, kwa sababu tumekuwa tukiandikiana kwa adabu yote hii na hakuna aliyesema kitu.

Yasunori amechana karatasi, ila amechana nusu. Nikae hapa mpaka baridi ianze, anasema, ikiwa kuna mtu wa kukaa nami majira haya ya joto mpaka miguu ishike. Mihoko ana kazi. Bi Sugawara angekuja, angekuja na achari. Kwa hiyo nakuomba, na hili sijawahi kukuomba katika maisha yangu: njoo ukae. Chumba chako cha usichana nimekifungua dirisha. Kutandika utatandika mwenyewe, mgongo wangu hauruhusu, basi usiwe na visingizio.

Sharti moja. Najua huu ni mwezi wa watu kutumiana maboksi ya zawadi za katikati ya mwaka, na najua hujapata kuingia nyumba ya mtu bila kifurushi tangu uzaliwe. Ukija na boksi, au keki ya stesheni, au hata tunda moja kwenye kitambaa, mlango siufungui, utarudi na treni uliyokuja nayo. Wanasema mkono mtupu haulambwi. Mimi sitaki kuulamba, Fusae. Nataka kuushika nikishuka ngazi.

Kinue


Postikadi, ndani ya treni, 4 Agosti

Wifi,

Joto. Hayo ndiyo majira, sahihisha ukitaka. Kampuni ya vidonge nimeikataa leo asubuhi. Msichana aliomba radhi, nami nikaomba radhi, akaomba tena, nikakata simu kabla yake.

Stesheni ya Tokyo nimepita maduka yote. Mabibi wote wa rika langu wamebeba mifuko miwili miwili. Yule wa keki za ndizi alinionjesha kipande, nikala, nikaondoka bila kununua, na akaniangalia kama mwizi. Kutoka pale nimeona haya mpaka Fukushima.

Sasa nimekaa, begi la nguo liko juu, na mikono sijui niiweke wapi. Naiweka mapajani, naitoa. Haina kitu kabisa. Nafika saa tisa na nusu.